Chombo gani uliuza au ukabadilishana, na mpaka leo roho inakuuma?

#1 VidoleVizito
Wakuu, salaam. Nina swali limenikaa kooni muda mrefu, nalileta kwenu wapiga vyombo wa kila aina.

Miaka kumi na moja iliyopita niliuza gitaa langu kavu. Halikuwa na jina kubwa. Ubao wa mbele ulikuwa na ufa mdogo chini ya tundu. Kigingi cha uzi wa nne kilishavunjika nikafunga cha gitaa jingine, kwa hiyo kichwani kulikuwa na vifundo vitano vyeupe na kimoja cheusi. Niliuza kwa sababu nilitaka la umeme na bendi ilikuwa inanisubiri. Mnunuzi alikuja jioni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akapiga kodi ya G (noti kadhaa kwa pamoja) mara moja tu, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe. Hakupunguza bei hata kidogo. Pale pale nilijua nimekosea, na bado nikapokea hela.

Tangu hapo nimepitia magitaa saba. Mawili ni bora kuliko lile kwa kipimo chochote. Lakini kuna nyimbo zilikuwa zinanijia nikilishika lile, na haya mengine hayaniletei. Je, lile gitaa lilikuwa na kitu, au ni mimi? Na wewe uliuza nini?

#2 MdomoWaBata
Umegusa kidonda. Mimi nilibadilishana saksofoni alto ya zamani kwa mpya, nikaongeza na hela juu.

Ile ya zamani ilikuwa na visa vyake. Kifuniko cha G kali kilikuwa kinanata, nikawa natembea na kipande cha karatasi nyembamba mfukoni. Kila kabla ya kupanda jukwaani nakipitisha chini ya pedi, nabonyeza, navuta taratibu. Halafu D ya katikati ilikuwa inatoka imeziba, kama mtu anaongea na kitambaa mdomoni. Nilipopata mpya nikasema sasa nimepona.

Wiki ya kwanza wenzangu wananiambia D yako iko juu. Nikapima kwa mashine: kweli iko juu. Kumbe miaka yote ile koo na midomo yangu vilikuwa vinaisukuma ile noti ili isimame sawa, bila mimi kujua. Chombo kiliondoka, mwili ukabaki unakibeba. Ilinichukua karibu mwaka kuacha kusukuma. Nilipoacha, sauti ikawa safi, ila si yangu tena. Kwa hiyo jibu langu, mleta mada: tatizo si gitaa wala si wewe. Ni kile mlichojengana wawili.

#3 Kibwebwe
Naweka kiti hapa. Endeleeni.

#4 HesabuNaNoti
Mada nzuri, ila naomba kupoza hisia kidogo. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo wanafunzi wengine walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kile kile! Kitu kikishakuwa chako, akilini kinapanda thamani. Gitaa ulilokaa nalo miaka si litapanda zaidi? Huyu ndiye mchawi wetu, tusitafute mwingine.

#5 BesiChini
@HesabuNaNoti nakupinga kwa mambo mawili. Vile vikombe walikaa navyo muda mfupi tu, na jaribio linahusu mtu ambaye BADO ana kitu. Mleta mada alikubali bei akauza. Kama umiliki ndio ulimpandishia thamani kichwani, ulipokwisha hamu nayo ingeshuka. Badala yake inapanda kila mwaka. Hilo vikombe havilielezi.

#6 HesabuNaNoti
Hoja yako ya pili ina nguvu, nakiri. Ya kwanza bado tunabishana.

#7 Mkung'utaSolo
Tukizungumzia majuto ya kuuza, hakuna hadithi kubwa kuliko Les Paul, gitaa la umeme la Gibson, ya 1959 ya Peter Green, yule mwanzilishi wa Fleetwood Mac. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitaka kuliachia, akamwita kijana Gary Moore. Moore hakuwa na hela. Green akamwambia auze gitaa lake, SG, na chochote atakachopata ndiyo itakuwa bei. Mnaona? Mtu anauza chombo cha maisha yake kwa bei ya chombo cha mtu mwingine, ilimradi kiende mahali anapopajua. Moore akakaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1995 akatoa albamu nzima ya kumuenzi Green. Mwaka 2006 naye akaliuza. Tangu 2014 linapigwa na Kirk Hammett wa Metallica.

Na ile sauti yake ya puani, yenye uwazi katikati, haitengenezeki tena. Ilitokea kwa sababu Green alitoa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni halafu akairudisha imegeuka.

#8 FundiMsasa
Mkuu #7 hadithi ni sahihi mpaka hapo mwisho. Kugeuza pikapu, upande huu ukae ule, hakubadilishi awamu, yaani mawimbi yanavyokwenda pamoja au kupingana. Kinachobadilisha ni kugeuza sumaku iliyo ndani yake au kubadilishana nyaya zake mbili. Kwenye gitaa lile ilikutwa sumaku ya pikapu ya shingoni imegeuzwa. Ukiwasha pikapu zote mbili kwa pamoja, mawimbi yanapingana, sauti nzito zinakatana, zinabaki zile nyembamba za juu. Ukiwasha moja peke yake husikii tofauti hiyo. Na inatengenezeka. Nimewafanyia watu kazi hiyo, fundi mwenye mkono mtulivu anaimaliza kabla jua halijazama.

#9 Mkung'utaSolo
Asante fundi, nimejifunza. Lakini hao uliowafanyia, walitoka wanapiga kama Green?

#10 FundiMsasa
Mmoja alikaribia. Hata kabla ya sumaku alikuwa anakaribia.

#11 VipandeVyeupe
Wapiga magitaa mnajifanya mna majonzi peke yenu. Njooni kwetu wa vinanda.

Mwaka 1983 Yamaha walileta kinanda cha DX7, sauti za kidijitali, tuni haihami. Watu wakaziuza sinthesaiza zao za analogi kama nguo zilizobana. Na za Roland je? TR-808, mashine ya ngoma, ilitengenezwa 1980 hadi 1983, TB-303, mashine ya besi, ilianza 1981 na kufika 1984 imesimamishwa. Ile 303 ilikusudiwa iwe mbadala wa mpiga besi, ikashindwa kabisa kufanana na besi, wakaitupa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Vijana wa Chicago wakaziokota humo. Mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa muziki kwa kuizungusha ile 303 vifundo mpaka ikapiga kelele ambayo walioitengeneza hawakuifikiria, na aina nzima ya muziki ikazaliwa.

Mimi nilikuwa na 808. Niliitoa, nikapewa kinanda kipya chenye sauti mia moja. Mia moja! Leo siikumbuki hata moja kati ya zile mia. Lakini ile ngoma nzito ya 808 bado naisikia kifuani.

#12 BesiChini
Nimesikia kwamba 808 ilikoma kwa sababu haikuwa inanunuliwa.

#13 VipandeVyeupe
Kununuliwa ilinunuliwa kiasi, karibu 12,000. Lililoiua ni transista, vile vijisehemu vya umeme vya ndani. Roland walikuwa wanatumia transista zenye kasoro, na ile kasoro ndiyo ilitoa mchakacho wake. Utengenezaji wa transista ulipoboreka, mbovu zikaisha, na mashine ikaisha nazo. Jambo hili huwa linanigusa sana: kilichoipa uhai kilikuwa uchafu wa kiwandani.

#14 MamaKinanda
Hapo kwenye kasoro nakazia. Kinanda cha Hammond B-3 kina magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku. Ukibonyeza, kunatoka "tik" kidogo kabla ya noti. Mafundi wa kampuni waliiona ni kasoro ya kuondolewa. Wapigaji ndiyo wakaipenda, inaipa noti makali.

Cha kwangu nilikiacha kwa sababu ya uzito. Kikiwa kamili na benchi na pedali kinakaribia kilo 190. Tulikuwa tunahama, wanaume wanne walikibeba wakashindwa kwenye kona ya ngazi, nikasema basi, mwenye nguvu akichukue. Nilisimama juu ya ngazi nikiwatazama wanakigeuza. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimefunguka, naona yale magurudumu yamepangana kama meno. Sasa nina kinanda cha kidijitali, nakibeba begani mwenyewe. Wametia mpaka ile "tik". Naisikia, nashukuru, na bado nikikaa kwenye kile kiti mguu wa kushoto unatafuta pedali ambazo hazipo.

#15 Kibwebwe
Mama, hiyo ya mguu imenimaliza. Ngoja nitoke nipumue.

#16 UpindeNaUzi
Mimi ni mpiga fidla. Suala la "chombo cha zamani kina kitu" kwetu ni dini, na limepimwa.

Mwaka 2010 Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwaita wapiga fidla 21. Fidla sita: tatu mpya, mbili za Stradivari, moja ya Guarneri, mafundi maarufu wa zamani wa Italia. Chumba chenye mwanga hafifu, wapigaji wamevaa miwani ya wachomeleaji vyuma, na pale pa kuwekea kidevu pamepakwa manukato ili harufu ya ubao wa zamani isimsaidie mtu. Wengi wao, walipoulizwa wangeenda na ipi nyumbani, walichagua mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari.

Kwa hiyo mleta mada, nasema kwa upendo: ukifungwa macho, labda ungelipita lile gitaa lako bila kulitambua.

#17 MdomoWaBata
@UpindeNaUzi jaribio nalijua na wengi wamelipinga. Chumba cha hoteli, dakika chache, nani anaifahamu fidla kwa dakika chache? Tena hao walipewa vyombo WASIVYOVIJUA. Mleta mada anazungumzia chombo alichokaa nacho. Umejibu swali ambalo hakuuliza.

#18 UpindeNaUzi
Pingamizi la hoteli lilijibiwa. Mwaka 2012 karibu na Paris walirudia na wapigaji nyota 10, fidla 12, kwenye chumba cha mazoezi na kwenye ukumbi wa tamasha. Mpya zilifanya vizuri tena. Hilo la kukaa nacho nakuachia, hapo huna mpinzani.

#19 TumbaNne
Jamani, mnasahau mkono. Charlie Parker, gwiji wa jazz, alikuwa anaweka saksofoni zake rehani, hilo linajulikana. Mei 1953, pale Massey Hall, Toronto, alipanda jukwaani na Grafton, alto ya plastiki nyeupe. Plastiki! Sikilizeni rekodi ile. Ni Parker yule yule. Sauti iko kwa mtu.

#20 MdomoWaBata
Ni yule yule kwetu tunaosikiliza. Hatujui kwake ilikuwaje. Mimi nikipiga ile mpya watu walikuwa wanapiga makofi vile vile.

#21 TumbaNne
Hapo umenifunga mdomo.

#22 FundiMsasa
Nataka niseme kama mtu anayefungua vyombo kila siku. Kabla hujalilia ubao, lilia vitu vidogo. Ulikuwa unatumia nyuzi za unene gani? Zilikuwa mpya au zimelala miezi sita? Kwenye freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) ya kumi na mbili zilikuwa juu kiasi gani? Nusu milimita pale inaweza kugeuza gitaa kuwa jingine. Unyevu nao: hewa ikikauka ubao wa mbele unazama na nyuzi zinashuka, hewa ikilowa unavimba, nyuzi zinapanda. Wengi wanaoletwa kwangu na majuto, nikiwauliza haya hawana jibu. Wanakumbuka sauti, hawakumbuki kilichoileta.

Ila sikatai umri. Ubao ukizeeka, sehemu ya kemikali zake huvunjika, unakuwa mwepesi na haunywi unyevu kama zamani. Ndiyo maana viwanda siku hizi huoka mbao za magitaa ili ziige uzee.

Na wewe VidoleVizito, huo ufa chini ya tundu ulinishtua. Ungeniletea ningekagua mbavu za ndani, kama kuna mmoja umeachia gundi. Ubao ulioachiwa hucheza zaidi, na gitaa hulia kwa sauti pana kabla halijaanza kukunjamana. Huenda ulilipenda likiwa linaugua.

#23 VidoleVizito
Fundi, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara nne. Nyuzi nilikuwa nabadilisha zikikatika tu. Mnaniuliza kimo, sikuwahi kupima.

#24 JiranaShingo
Mimi nimefanya ambacho wengi mnakiota. Nimelirudisha.

Niliuza gitaa la besi, nikalitafuta miaka sita kwa namba yake iliyopigwa kwenye bati la nyuma. Wakuu, andikeni namba za vyombo vyenu, hata mkiviuza. Nikalipata, nikanunua bila kubembeleza. Nililifungua begi kwenye sakafu kama mtu anayefungua barua. Rangi ile ile, mkwaruzo wa mkanda ule ule. Nikashika shingo. Mwenye nalo alikuwa amelipiga msasa na kuweka freti mpya. Kulikuwa na sehemu nyuma ya shingo, karibu na freti ya tano, dole gumba langu lilikuwa limeila rangi mpaka ubao ukawa laini kama jiwe la mtoni. Haipo. Amelainisha kote, tena kwa nia njema kabisa, ni kazi nzuri.

Nimelitundika ukutani. Wiki nzima huwa silishushi.

#25 BesiChini
Pole sana ndugu yangu. Hii imeniuma kuliko kama ungelikosa.

#26 MkonoWaUdi
Mimi nitasema kwa kifupi. Nilirithi udi, ule wa nyuzi, kwa mwalimu wangu. Baada ya miaka miwili mtoto aliumwa, nikauuza. Mtoto alipona, ana nguvu, anasoma. Kwa hiyo sijuti kuuza, naomba nieleweke. Ila ndani ya tumbo la ule udi, ukichungulia kwenye ua la mbele (tundu lenye nakshi) na tochi, kulikuwa na jina la mwalimu kwa penseli, na tarehe aliyoufungua kuutengeneza. Sikuwahi kupiga picha. Hilo ndilo najuta. Picha moja tu.

#27 Kibwebwe
Amepona mtoto, alhamdulillahi. Ahsante kwa kuandika.

#28 Mkung'utaSolo
Nikitoka nje ya mada kidogo: kuna waliopoteza bila kuuza. Yo-Yo Ma mwaka 1999 alisahau selo yake ya Stradivari kwenye teksi New York!

#29 UpindeNaUzi
Haikuwa Stradivari, mkuu. Ilikuwa ya fundi mwingine, Montagnana, ya mwaka 1733. Stradivari aliyonayo ni nyingine, ya 1712. Na ile ya teksi ilipatikana siku ile ile.

#30 Mkung'utaSolo
Leo ni siku yangu ya kusahihishwa. Nitaanza kukutumia rasimu, wewe na fundi, kabla sijabandika.

#31 HesabuNaNoti
Nimerudi. Nimefikiria alichosema BesiChini na nina maelezo mengine. Tunachokililia ni umri wetu. Angalieni wote mlioandika: chombo mnachokililia ni cha wakati mnajifunza, mnatunga, mna muda. Hakuna hapa anayelilia chombo cha tano au cha sita.

#32 MamaKinanda
B-3 yangu niliipata nikiwa na miaka arobaini na nne. Ilikuwa kinanda changu cha sita.

#33 HesabuNaNoti
Sawa mama. Ninayafuta yote isipokuwa salamu.

#34 MwepesiWaKuachia
Kuna mtu asiyejuta humu? Mimi nimeuza kumi na mbili. Kila kimoja kilinifundisha kitu, kilipoisha kunifundisha kikaenda kwa mwingine. Chombo kilichofungiwa kasha miaka kumi kwa sababu mwenyewe anaogopa kujuta, nyuzi zimeshika kutu, mimi hicho ndicho kinachoniuma. Na yale ya Peter Green, kama asingeuza, tusingemsikia Moore akilipiga. Les Paul za aina ile Gibson waliacha kuzitengeneza baada ya 1960 kwa sababu hazikuwa zinakwenda sokoni, wakazirudisha 1968 baada ya wapiga blues wa Uingereza kuonyesha zinaweza nini. Zilipata maana kwa sababu zilipita mikono.

#35 JiranaShingo
Nakusoma vizuri. Kwa kweli nimelishusha ukutani sasa hivi. Nitampa mpwa wangu, hana la kwake. Freti ni mpya, shingo ni laini, kwa mkono unaoanza ni zuri sana.

#36 VidoleVizito
Wakuu, nina jipya. Baada ya maneno ya JiranaShingo nilitafuta daftari la zamani, namba ya mnunuzi nilikuwa nimeiandika nyuma ya karatasi ya mashairi. Simu ikapokelewa! Analo bado. Nikamwambia nataka kununua, akanyamaza kidogo, akasema hapana, binti yake ndiye anayelipiga sasa, kila siku akitoka shule. Sikusukuma.

Nikamuomba vitu viwili. Picha, kanitumia: kile kigingi cheusi bado kipo kati ya vyeupe. Ufa umezibwa, fundi wao kaweka kipande cha ubao ndani. Na nikamuomba binti apige uzi mmoja mmoja, wazi, halafu ile G. Nimeweka sauti hapa chini. Fundi, MdomoWaBata, mama, sikilizeni mniambie. Mimi nimesikiliza nikiwa nimefumba macho. Kuna sekunde nasema ndilo, sekunde nyingine nasema ni gitaa lolote.

#37 UpindeNaUzi
Nyuzi ni mpya, zinang'aa sana. Mbali na hapo siwezi kusema, simu imekula sauti za chini.

#38 MdomoWaBata
Sikiliza G inavyoisha. Imekaa muda mrefu, na yule binti hakuigusa mpaka ikanyamaza. Kama baba yake siku ile kwenye kitanda chako.

#39 FundiMsasa
Waliouziba ufa walifanya kazi safi. Ila uzi wa nne umeshuka kidogo. Kigingi hicho si cha pale, kitakuwa kinateleza. Mwambie binti akifika kwenye sauti asimame, azungushe nyuma kidogo, halafu apandishe tena.

#40 VidoleVizito
Nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Ngoja nimwandikie.